Maneno Kumi na Mawili ya Mama

Niseme mapema ili tusisumbuane: sijaelewa. Nimeelezwa mara nne, mara moja kwa kuchorewa na chaki yangu mwenyewe juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa, na bado sijaelewa. Mimi ni fundi cherehani pale Mwanga, mwaka wa ishirini na kitu sasa. Niletee kitenge na picha kwenye simu, nitakushonea hicho unachotaka, na kikikubana nitakifumua. Kazi yangu imesimama hapo, kwamba kilichoshonwa vibaya kinafumuliwa. Kwa hiyo nilipoambiwa kuna mkataba ambao ukishafungwa hakuna mtu duniani awezaye kuufumua, nilidhani dada wa watu ananitania.

Hakuwa anatania. Alikuwa mtaalamu wa kampuni ya mtandao, mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, amevaa buti na kofia ya jua, na alikuwa amesafiri kwa boti mpaka kijijini kwa mama yangu kufunga kisanduku juu ya bati.

Kijiji cha mama kiko kusini ya Ujiji, mwambaoni, mahali ambapo barabara haijafika na sidhani kama ina haraka ya kufika. Unakwenda kwa boti, mwendo wa saa tatu ziwa likiwa limetulia, na likichafuka unarudi nyumbani kulala. Mama anaishi pale peke yake tangu baba afariki, kwenye nyumba waliyoijenga wawili, tofali moja moja. Mwaka juzi malaria ilimlaza siku nne. Majirani walimhudumia, siwezi kuwalaumu, lakini sisi watoto wake watatu hatukuwa na habari. Simu zilikuwa hazishiki kule. Tulikuja kuambiwa na mwanamke aliyeleta dagaa sokoni, na wakati huo mama alikuwa ameshaanza kunywa uji. Nilikaa kwenye kiti changu cha kushonea, sikushona hadi jioni. Angekufa, ningekuwa napindia kola ya mtu huku nacheka.

Tukakaa kikao nyumbani kwangu Katubuka, mimi na kaka zangu, tukaamua mama anahamia mjini. Nikasafisha chumba cha uani, nikapaka chokaa. Nikampelekea habari. Akauliza, "Nikakae Katubuka niangalie ukuta wa jirani?" Akaendelea kuchambua maharage.

Tulivutana mwaka mzima. Kisha ndipo mtandao ule ukaja, na mama, ambaye hajawahi kushindwa kesi hata moja na sisi, akaona mlango. Akatuita wote watatu akatuambia hivi: "Mkinipata kwa simu kila siku, nitabaki kwangu. Siku huo mtandao ukifa, nitapanda boti mwenyewe na mkeka wangu, wala hamtanisikia nikibisha." Tukakubali. Mama yangu akisema jambo amesema, na kaka zangu walifurahi kwamba ugomvi umekwisha.

Sasa huo mtandao wenyewe. Ulikuwa wa kizazi kipya, wa majaribio. Hakuna mnara mkubwa wenye uzio na mlinzi. Kuna visanduku vidogo, kila kimoja juu ya paa la mtu, na sola yake na betri yake, kimoja kinamwona mwenzake kwenye kilima cha mbele, vinapokezana simu mpaka Ujiji. Mwenye nyumba ndiye mwenye kisanduku. Kijiji chote kilipata kimoja, na kikafungwa kwa mama kwa sababu nyumba yake iko juu ya mwinuko.

"Visanduku vinakubaliana vyenyewe," mtaalamu alitueleza, tumekaa barazani.

"Vinakubaliana nini?" nikauliza.

"Nani amepitisha simu za nani, na kwa kiasi gani. Kila kimoja kina nakala ya daftari lile lile. Kimoja kikidanganya, vingine vinakikatalia."

"Na bosi wao ni nani?"

"Hakuna bosi, mama. Ndiyo uzuri wake. Hii ni blokucheni, na makubaliano yameandikwa humo ndani. Tunayaita mkataba janja. Sharti likitimia, unajitekeleza. Lisipotimia, unajifunga."

"Haya. Mimi nikiwa na malalamiko naenda ofisi gani?"

"Malalamiko ya namna gani?"

Nikaona huyu hajui anaongea na nani. Mimi nimeishi kwa kulalamika. Maji yakikatika ninakwenda, umeme ukikatika ninakwenda, nakaa kwenye benchi na vitambaa vyangu nashona pindo mpaka mtu aone haya anihudumie. Nimeshinda mengi kwa njia hiyo. Mtandao usio na mtu wa kuona haya ulinitia wasiwasi kuliko malaria.

Mama alikuwa anasikiliza. Akauliza swali moja tu: "Na nikifa?"

Mtaalamu akamwambia, kwa heshima, kwamba hilo limefikiriwa. Kila miezi sita mwenye kisanduku anatakiwa kuthibitisha kwa simu yake kwamba yupo na anakubali kuendelea. Asipothibitisha mpaka siku ya mwisho, saa kumi na mbili jioni, mkataba unajifunga na visanduku vingine vinaacha kukitambua hicho chake. Mama akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hiyo ni haki," akasema. "Maiti asiwe na mkataba."

Kisha yakaja maneno. Simu ya mama ilionyesha maneno kumi na mawili ya Kiswahili, ya kawaida kabisa, kiazi, ngazi, shaba, vitu vya hivyo, hayana uhusiano wala maana. Mtaalamu aligeuka akatazama ziwa asiyaone. Mama akayaandika kwenye kipande cha kadibodi ya sabuni, polepole, kwa mwandiko wake wa elimu ya watu wazima.

"Bibi, huo ndio ufunguo," mtaalamu akasema. "Simu ikipotea, hayo yanaurudisha kwenye simu nyingine. Yakipotea hayo, hakuna wa kukusaidia. Sisi hatuyajui na hatutayauliza. Usimpe mtu yeyote."

"Yeyote?"

"Yeyote, bibi."

Nilinyoosha mkono. Sikufikiri, niliunyoosha tu, kwa sababu karatasi zote za mama ninazo mimi, hati ya kiwanja, kadi ya hospitali, cheti cha kifo cha baba. Mama aliutazama mkono wangu. Akaifunga ile kadibodi kwenye pindo la kanga yake, akasimama kwenda kutupikia.

Miezi mitano na kitu ikapita vizuri. Kila asubuhi saa mbili, nikiwa nafungua cherehani, simu inaita. Tulikuwa hatuongei kitu. Ziwa limechafuka, ziwa limetulia. Bata wa fulani amekula mchicha wake. Nani amezaa. Wakati mwingine nilimpachika sikioni nikashona, yeye akachambua mboga, tukakaa hivyo robo saa bila neno, na wateja wakanyamaza wakidhani kuna msiba.

Asubuhi moja haikuita. Saa tatu, kimya. Saa nne nilikuwa nimeshashona mkono wa kushoto upande wa kulia. Saa tano ikaingia simu ya mwenyekiti wa kikoba cha wanawake wa kijijini, mama mtu mzima mwenye sauti nene, akaniambia nisihangaike, mama yako mzima, simu yake ndiyo imeingia ziwani. Alikuwa anasuuza sinia la dagaa, simu iko kifuani, akainama. Imezama. Watoto wamepiga mbizi wamepata sinia.

Nikacheka kwa nafuu. Nikampigia mtaalamu nimwambie kwamba nitanunua simu nyingine. Hakucheka. Akaniuliza tarehe ya kuthibitisha ni lini, akaangalia mwenyewe, akasema zimebaki siku nane.

"Basi tutathibitisha na simu mpya."

"Simu mpya haitatambulika bila ufunguo, mama. Ingizeni yale maneno kumi na mawili, hamna shida. Lakini msichelewe. Kikijifunga hatuwezi kufunga kingine, nafasi za majaribio zimejaa."

Nikanunua simu pale pale Mwanga, nikamrudishia laini yake, na kesho yake nikapanda boti.

Mama nilimkuta anaanika kanga. Shikamoo, marahaba, umefikaje, ziwa likoje. Nikamwambia alete yale maneno. Akaketi. Nikajua hapo hapo kwamba kuna jambo, maana mama hakai chini mchana kazi zikiwa hazijaisha.

"Ninayo manne," akasema.

"Manne ya nini?"

"Maneno manne. Ya kwangu."

Hapa lazima nieleze kikoba chao, la sivyo utamwona mama yangu mwehu, na si mwehu. Wanawake wa pale wana sanduku la chuma la kikundi. Lina makofuli matatu, na funguo tatu wanashika wanawake watatu wasiolala nyumba moja. Halifunguliwi hata kwa dawa ila siku ya mkutano, watatu wote wakiwepo, mbele ya wanakikundi. Wamefanya hivyo miaka na miaka na haijapotea hata senti. Mama ni mshika ufunguo mmoja. Kwa hiyo alipoambiwa maneno yale ni ufunguo, na kisanduku kile ni cha simu za kijiji kizima, yeye alifanya kama anavyofanya mtu mwenye akili timamu. Aliyagawa mara tatu. Manne kwake, manne kwa mwenyekiti, manne kwa mshika ufunguo wa tatu. Kila mmoja akakariri ya kwake mpaka yakakaa.

"Mama," nikasema, najikaza, "yule dada alisema usimpe mtu yeyote."

"Sijampa mtu. Nani ana ufunguo? Hakuna. Kila mmoja ana kipande, na kipande hakifungui."

"Na kadibodi?"

"Niliwashia moto."

Nikamwuliza huyo wa tatu yuko wapi tumwite. Akatazama pembeni. Wa tatu alikuwa rafiki yake, mama wa Kirundi aliyeingia nchini zamani za vita, akakaa kambini, kisha akaja kuolewa pale kijijini na kuzeekea pale. Binti zake walikuwa wamerudi Burundi, na miezi miwili iliyopita akawafuata kwenda kutazama shamba la wazazi wake.

"Hakukuachia maneno?"

Mama alishangaa kweli. "Mwenye ufunguo akisafiri anasafiri na ufunguo wake. Atarudi."

"Atarudi lini?"

"Hakusema."

Nilifoka. Sijivunii, lakini nilifoka mpaka majirani wakatoka. Nilisema makofuli ni makofuli na simu ni simu, nilisema watu wazima wanachezea maisha yao, nilisema mengine siyaandiki. Mama alisubiri nimalize. Akasema tu, kwa sauti ya chini, "Nilisema nitakuja kama mtandao ukifa. Sijasahau." Akaingia ndani, nikamsikia anapanga vyombo vyake, sahani juu ya sahani.

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Maana kwenye boti ya kurudi, nikiwa bado nina hasira, nilijikuta nafurahi. Kidogo tu, chini kabisa, lakini nilikuwa nafurahi. Siku sita tu. Sina haja ya kufanya lolote. Nikae kwenye cherehani yangu, jua lizame siku ya mwisho, na mama atakuja mwenyewe bila ubishi kama alivyoahidi, na sitaamka tena na moyo unadunda simu ikichelewa. Kisha nikaona aibu ya furaha hiyo, kisha nikakasirikia aibu. Nilifika Ujiji sijui ninataka nini.

Nilikwenda ofisini kwa mtaalamu, pengine ili nikataliwe. Nikamwambia abadilishe siku, aongeze wiki mbili tu.

"Siwezi, mama."

"Bosi wako basi."

"Naye hawezi. Siku imeandikwa kwenye kila kisanduku kuanzia Ujiji mpaka kwa bibi. Hata tukikubaliana sisi wote humu ofisini, vyenyewe havitakubali."

"Tubahatishe hayo manne."

"Orodha ni ndefu, na lazima yafuatane sawasawa. Uzee utakukuta hapo hapo."

Nikakaa kwenye benchi lao, nikatoa pindo langu nikaanza kushona, mazoea tu. Baada ya saa nzima yule dada alikuja akaketi pembeni yangu. Akasema, "Mama, mimi nakuonea huruma kweli. Lakini anayetakiwa kukuonea huruma hayupo." Jioni akapitia hadi kwangu Mwanga ndipo aliponichorea kwa chaki, viduara na mistari, kila kiduara na daftari lake. Nikamwuliza, kwa nini mtu atengeneze kitu kisichosikia? Akasema walikitengeneza hivyo ili asitokee mkubwa wa kukigeuza kwa faida yake. Nikafikiria makofuli matatu. Nikaona kwamba yeye na mama wanasema jambo moja, na ni mimi peke yangu nisiyelitaka.

Basi nikaanza kumtafuta mama wa Kirundi. Usiniulize kwa nini. Nilijiambia ninafanya wajibu, ili baadaye nisijilaumu. Pale Mwanga wako wanawake wa Kirundi wauza mawese na maharage, wateja wangu wa siku nyingi, mmoja nimemshonea mpaka gauni la kipaimara la mwanawe. Nikawaeleza. Wakaulizana kwa Kirundi, mara jina la kilima, mara jina la kanisa, mara wanacheka. Habari ikapanda malori ya Manyovu ikavuka mpaka. Siku mbili sikusikia kitu. Ya tatu, zikiwa zimebaki siku mbili, simu ngeni ikaita saa saba mchana.

"Amahoro, mwanangu. Wanasema unanitafuta."

Nilimwamkia nikamweleza haraka haraka, nikashika kalamu na kipande cha karatasi ya kukatia mitindo. "Haya mama, nitajie."

Nikasubiri, kalamu juu ya karatasi.

"Mama, uko?"

"Niko. Sanduku halifunguliwi kwa simu."

"Hili si sanduku la kikoba."

"Ni ufunguo, nimepewa niushike. Mimi na mama yako na mwenyekiti tulikaa tukakubaliana, yanasemwa watatu tukiwepo. Nikikutajia wewe hapa, kesho nitamtazamaje?"

"Ni mama yangu mzazi," nikasema. Sauti ilikuwa imepanda, mteja aliyekuwa anapimwa akajishika kifua. "Mimi ni mwanawe wa kuzaa, nami unaninyima?"

"Wewe hasa," akasema.

Nikamwuliza ana maana gani. Akasema hiyo nitamwuliza mwenyewe, na kwamba ana karatasi ya kuvukia, na kesho jioni nimsubiri stendi.

Alikuja kweli. Mwanamke mwembamba, anachechemea mguu mmoja, na kifurushi cha maharage ya shambani kwao kichwani, siku nzima njiani kwa ajili ya maneno manne. Nikamlaza kwenye kile chumba cha uani. Alikitazama, chokaa, neti mpya, pazia nililolishona mwenyewe kwa kitambaa kizuri kuliko cha kwangu. Akanitazama mimi. Nikamtakia usiku mwema.

Asubuhi ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Boti ya kwenda kule ni moja tu, inaondoka saa tatu. Niliamka mapema nikawasha jiko. Nikaona sukari haitoshi, nikaenda dukani. Nikarudi nikaona afadhali nikande chapati, mgeni asisafiri na njaa. Nikaukanda ule unga vizuri, nikaufunika ukae. Nikapiga pasi gauni ambalo halikuhitaji pasi. Saa mbili ilipita, na saa mbili na nusu nilikuwa bado nasukuma chapati, moja moja, za duara kabisa.

Mama wa Kirundi alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, kifurushi mapajani, kanga imeshafungwa. "Chai hiyo itaiva leo?" akauliza.

Aliuliza kwa upole tu, kama mtu anayetania jirani. Mikono yangu ikasimama. Nikaona unga kwenye vidole vyangu, nikaona saa ukutani, nikaelewa ninachofanya. Ndicho kitu pekee nilichokielewa katika habari hii yote. Nikazima jiko, nikaacha chapati mbichi kwenye kibao, nikamshika mkono, tukatoka mbio kutafuta bodaboda. Boti tuliikuta inasukumwa majini, nikapiga kelele mpaka nahodha akatukana, lakini akatungoja.

Ziwa halikuwa zuri siku hiyo. Tulifika saa nane badala ya saa sita, tumelowa. Mwenyekiti alikuwa barazani kwa mama tangu asubuhi. Mama alitoka. Alipomwona rafiki yake akisaidiwa kupanda mwinuko mpaka mlangoni, aliweka mkono mdomoni. Wakakumbatiana, wakatengana, wakafuta macho kwa kanga, na papo hapo wakawa watu wa kazi. Mwenyekiti akasogeza vigoda vitatu ndani, akazungusha macho, kisha akanitazama mimi.

"Mwanangu," akasema, "sisi sasa tuna kikao."

Nilidhani sijasikia. Mimi niliyenunua simu. Mimi niliyemtafuta huyu mama hadi nchi za watu. Nikamtazama mama anitetee. Mama alitazama sakafu.

Nikatoka nje. Nikakaa chini, mgongo ukutani, chini ya kisanduku chao. Ndani nilisikia wakinong'ona, mmoja anataja, wawili wanarudia, mwenyekiti anaandika kwa kidole kimoja na kuguna kila herufi. Mara wakakosea, wakaanza upya. Nilikuwa nimechoka, nimelowa, na nimeumia. Watu baki wawili mama amewaamini na mimi ameniacha, mimi ninayeshika mpaka cheti cha kifo cha baba. Nikaamua kwamba wakishindwa ni shauri lao, na wakishinda pia nitaingia nimwambie, mama, basi, imetosha, funga mizigo. Ningemwambia mbele yao. Nilikuwa nimeyapanga maneno yote na yalikuwa mazuri.

Simu yangu ikaita mfukoni. Nikatazama. Ni mama.

Nikageuza kichwa. Kupitia mlango uliofunguliwa nusu niliona miguu yake, hatua tano kutoka nilipo.

"Mama, niko hapa nje."

"Najua ulipo. Kimekubali, kimetutambua. Kaa hapo hapo unisikilize. Usoni kwako siwezi kulisema."

Nikakaa. Sauti yake niliisikia mara mbili, mlangoni na sikioni.

"Umekasirika kwamba sikukupa."

"Ndiyo," nikasema. "Nimekasirika."

"Hawa wawili, mmoja akija kesho akaniambia, dada, zima hicho kitu uende kwa wanao, nitamfukuza. Naweza. Wewe siwezi. Tangu ulipokuwa mdogo sijawahi kuweza kukukatalia kitu ukinitazama, hata hicho kiwanja chako, niliuza ng'ombe ukinunue na sikuwa nataka. Mwaka ule wote tuliovutana nilikuwa nakukwepa tu, macho kwenye maharage. Ungekuwa na yale maneno, ingekuwa shauri la mimi na wewe tu, na siku moja ungekuja ungesema, mama, inatosha. Nami ningezima. Na mimi sitaki kuondoka hapa, mwanangu. Ndiyo maana nikakutoa."

Mbele yangu ziwa lilikuwa bado linapiga mawe, na mtu alikuwa anakokota mtumbwi wake juu. Nilikuwa na lile neno mdomoni. Inatosha. Alikuwa ameshaniambia mwenyewe kwamba nikilisema atakuja. Hakukuwa na mkataba wala kofuli la kunizuia, ni neno moja tu, na kesho yake usiku angelala Katubuka, kwenye kile chumba cha uani, ningesikia anavyokohoa.

"Mama," nikasema.

"Naam."

"Nakusikia vizuri. Mtandao uko safi. Kaa kwako."

Niliona miguu yake inasogea, inakuja mlangoni, nikakata simu haraka nikajifuta uso.